Uzi wa lansero: biri nyembamba inavyoonjwa, na kwa nini haitaki mtu mwenye haraka

Pafu Polepole ameandika:

Wakuu, salaam.

Nyuzi za biri zinazojaza wachangiaji ni za zile nene, namba 54, 56, mpaka 60. Leo naomba tuhamie kwa ndefu na nyembamba. Kiwandani Kuba umbo hilo huitwa Laguito No. 1, wavutaji wanalijua zaidi kama lansero. Urefu milimita 192, unene namba 38. Kwa wageni: namba ya unene ni sehemu za 64 za inchi, kwa hiyo 38 ni 38/64 ya inchi, milimita 15 na nukta chache.

Wengi huichukua kwa sababu inapendeza mkononi. Wanaivuta kwa mwendo uleule wa robusto, ile biri fupi na nene, mdomo unakuwa mchungu kabla hawajafika nusu, wanaitukana na kurudi kwenye mabomba yao. Ndiyo maana nataka tuanze na hesabu kabla ya ladha.

Chukua robusto ya kawaida, milimita 124 kwa namba 50. Ujazo wake ni karibu sentimita za ujazo 38. Lansero, pamoja na urefu wote ule, ni karibu 34. Ndiyo, ile ndefu ina tumbaku pungufu. Sasa angalia ngozi yake: robusto inavikwa karibu sentimita za mraba 77 za jani la nje, lansero 91. Ukigawanya utakuta kwamba kwa kiasi kilekile cha majani ya ndani, lansero imepewa jani la nje zaidi kwa karibu theluthi moja.

Na jani la nje ndilo lililodekezwa kuliko yote. Kule Vuelta Abajo, mkoa wa Pinar del Río, mimea ya jani la nje hufunikwa na vitambaa shamba zima ili jua lisilipige moja kwa moja. Jani linakuwa kubwa, laini, jembamba, rangi moja. Baadaye linachachushwa, linachambuliwa kwa rangi na kwa mafuta yake, lenye tundu au mshipa mnene linawekwa kando. Ukitaka kulisikia jani hilo likisema bila kuzibwa na umati wa majani ya ndani, lansero ndiyo mahali pake.

Upande wa pili wa hesabu ndio unaoadhibu. Tundu la kupitishia hewa ni dogo. Ukivuta pafu (mvuto mmoja wa moshi) la ukubwa uleule kwenye robusto na kwenye lansero, ndani ya lansero hewa inakimbia kwa kasi karibu mara 1.7, kwa sababu njia ni nyembamba kwa kiasi hicho. Kaa la moto linapulizwa, joto linapanda, sukari na mafuta ya jani yanaungua badala ya kufukizwa. Uchungu mnaoulalamikia unatoka hapo. Kwa hiyo pafu la lansero liwe dogo, la kunusa tu, kisha uiache ipumue. Wengi husema pafu moja kwa dakika kwa biri ya kawaida. Kwa hii mimi naona hata dakika moja na nusu si dhambi, mradi isizimike. Ikienda vizuri inakupa saa nzima, pengine saa na nusu.

Karibuni tuijadili. Wenye lansero sandukuni mseme ni jani gani la nje.

---

Mnene56 ameandika:

Mkuu hesabu zako nimezikubali. Lakini kuna huu wimbo wa "jani la nje ni asilimia 60 ya ladha", wengine 80, wengine 90. Nani alipima? Jani la nje ni sehemu ndogo sana ya uzito wa biri. Moshi mwingi unatoka kwa majani ya ndani. Mimi nasema watu wanaonja rangi kwa macho. Wakiona jani jeusi wanasema kakao, wakiona la manjano wanasema krimu.

---

Pafu Polepole ameandika:

Mnene, hapo sitakupinga sana. Asilimia hizo ni za mauzo. Hakuna anayeweza kugawa ladha kwa asilimia kama mirathi, na ukimfunga mtu macho nusu ya kakao yake inapotea.

Ninachosema ni kidogo kuliko hicho: uwiano ukibadilika, ladha inabadilika, na unaweza kulijua hilo mwenyewe. Tafuta mchanganyiko mmoja wa kiwanda kimoja unaotengenezwa kwa unene mbili, nyembamba na nene, uzivute siku tofauti ukiwa umekula vilevile. Utaona ile nyembamba ina utamu na viungo vya juu zaidi, nene ina mwili na udongo zaidi. Halafu kumbuka jani la nje ndilo linalogusa midomo na ulimi muda wote, hata kabla hujawasha.

Tena kuna jambo ambalo watengenezaji wanalijua vizuri. Huwezi kuchukua mchanganyiko wa biri nene ukaupunguza tu unene. Majani ya ndani yana kazi tofauti: *volado* ya chini ya mmea husaidia kuungua, *seco* ya katikati huleta harufu, *ligero* ya juu, nene na yenye mafuta, huleta nguvu lakini huungua polepole, ndiyo maana hukaa katikati kabisa. Kwenye namba 38 katikati hiyo karibu haipo. Msokotaji akizidisha *ligero* kidogo tu, biri inaziba au inaungua upande mmoja. Kwa hiyo lansero nzuri imefikiriwa upya kuanzia mwanzo.

---

Kinu na Mchi ameandika:

Naomba mnisaidie mimi mgeni. Yangu ina kimkia kimesokotwa kichwani, upande wa mdomoni. Nikate au ninyonyoe? Na niiwasheje, maana kila nikiwasha inaungua upande mmoja kama mtumbwi.

---

Pafu Polepole ameandika:

Kimkia hicho ni alama ya ukoo, Cohiba Lanceros, lansero za chapa ya Cohiba ya Kuba, wanacho. Jani la nje linamaliziwa kwa kusokotwa badala ya kubandikwa kofia ya kawaida. Unaweza kukinyonyoa kwa kucha ukazungusha taratibu, na wakati mwingine tundu linalobaki linatosha. Mimi napendelea kikatio chenye makali mawili, nikate milimita moja au mbili tu. Angalia mahali kichwa kinapoanza kunyooka kuwa mwili, usivuke mstari huo, la sivyo jani la nje litafunguka ukiwa katikati ya starehe. Kile kikatio cha kutoboa sikishauri hapa. Vingi vina tundu la milimita 8 na kuendelea, na kichwa chako kizima ni milimita 15, kuta zinazobaki ni nyembamba.

Kabla ya moto, vuta mkavu. Hii hatua watu wanairuka na ndiyo inayokueleza mengi. Utapata nyasi kavu, mwerezi, wakati mwingine zabibu kavu au pilipili manga kwenye midomo. Vilevile utajua kama hewa inapita. Kukiwa na ugumu kidogo ni sawa, lansero haiwezi kuwa wazi kama bomba. Ukihisi unanyonya ukuta, simama hapo kwanza.

Kuwasha: moto laini. Kijiti kirefu cha kiberiti (subiri kichwa cha baruti kiishe kuungua), kipande cha mwerezi, au kiberiti cha gesi cha moto wa manjano. Yale matochi ya moto wa bluu yenye ncha tatu yaache kwa namba 60, mguu wa lansero (ncha inayowashwa) yanaukaanga kwa sekunde. Shikilia moto chini ya mguu bila kugusa, zungusha, mpaka ukingo wote uwe na rangi ya jivu. Ndipo uweke mdomoni uvute mara moja au mbili fupi. Puliza mguu uone kama kaa limeenea sawasawa. Ukifanya hivyo mtumbwi unakuwa nadra. Ukitokea, usikimbilie kiberiti. Geuza upande unaochelewa uwe chini, kwa sababu kaa la chini hupata hewa safi zaidi na mara nyingi litawafikia wenzake. Likikataa ndipo uguse kidogo kwa moto.

Jivu lisiwe refu. Kwa nene watu wanashindana kushikilia jivu, kwa nyembamba linaangukia suruali.

---

Mchambuzi wa Majani ameandika:

Tusizungumze lansero bila kutaja ilikotoka. Simulizi inayokubalika ni kwamba miaka ya 1960 mlinzi wa Fidel Castro, Bienvenido Pérez, maarufu kwa jina la Chicho, alikuwa akivuta biri alizosokotewa na rafiki yake Eduardo Rivera. Castro akaonja, akapenda, Rivera akapewa kazi ya kumsokotea. Hapo ndipo mizizi ya Cohiba, mwaka 1966, na nyumba ya El Laguito nje kidogo ya katikati ya Havana ikawa kiwanda chake. Wasokotaji wa mwanzo pale walikuwa wanawake. Kwa miaka mingi biri hizo zilikuwa zawadi kwa viongozi na wanadiplomasia, sokoni hazikuwepo. Mwaka 1982 ndipo zilipoanza kuuzwa, kwa saizi tatu: Lanceros, Coronas Especiales na Panetelas. Zote tatu nyembamba! Panetelas ni namba 26, milimita kumi tu. Kwa hiyo anayesema biri ya "kiume" lazima iwe nene, amkumbuke Castro, ingawa mwenyewe aliacha kuvuta mwaka 1985.

Umbo hilohilo lilitumiwa na Davidoff No. 1 enzi Davidoff ikitengenezewa Kuba, kabla ya mahusiano kuvunjika mwishoni mwa miaka ya 1980 na jina hilo kuhamia Jamhuri ya Dominika. Montecristo Especial nayo ni Laguito No. 1. Trinidad Fundadores, iliyoingia sokoni 1998, ni ndugu yao wa karibu: urefu uleule, namba 40, na kimkia pia.

La kuongeza: Cohiba majani yake mawili ya ndani, *seco* na *ligero*, yanapitia uchachushaji wa tatu ndani ya mapipa. Uchachushaji hutoa amonia, na amonia ndiyo inayochoma pua kwenye biri changa. Ulaini wa Lanceros iliyolala miaka kadhaa unaanzia hapo.

---

Mnene56 ameandika:

Na bandia je? Maana kila mtu ana "Cohiba ya shemeji".

---

Mchambuzi wa Majani ameandika:

Ukiona sanduku lenye kifuniko cha kioo, usiulize la pili, ni bandia. Kuba hawajawahi kutengeneza hilo. Mengine: biri zote ndani ya sanduku ziwe rangi moja zikipangwa, vimkia vielekee upande mmoja, pete za karatasi zikae kimo kimoja, na miraba myeupe ya pete ichapwe safi bila kukatwa ovyo. Pia jina lisikuchanganye. Marekani iliweka vikwazo vya biashara dhidi ya Kuba mwaka 1962, na Cohiba inayouzwa kihalali kule ni nyingine, inasokotwa hasa Jamhuri ya Dominika na kampuni tofauti. Hiyo si bandia, ni bidhaa nyingine yenye jina lilelile.

---

Mama Wawili ameandika:

Wanangu, nimesoma uzi wote kimya, mmeandika vizuri. Ila hamjasema neno moja juu ya afya, na mimi nimefanya kazi wodini miaka mingi siwezi kupita.

Kutoingiza moshi mapafuni hakukufanyi uwe salama. Moshi wa biri una ualkali zaidi kuliko wa sigara, na kwa hiyo nikotini inapita kwenye ngozi laini ya mdomo moja kwa moja hadi damuni. Saratani za mdomo, koo, umio, zoomeo na mapafu zinahusishwa na biri pia. Sigara moja ina tumbaku isiyofika gramu, biri kubwa moja inaweza kuwa na gramu 5 hadi 17. Wembamba wake usiwadanganye. Na anayekaa chumba kimoja na nyinyi anavuta bila kuombwa ruhusa.

Asiyevuta asianze kwa sababu ya uzi huu. Anayevuta, nje kwenye hewa, mbali na watoto, na si kila siku.

---

Pafu Polepole ameandika:

Shikamoo mama. Sina neno la kupunguza hapo. Wachangiaji mlichukue kama lilivyo, na mtu akijisikia kizunguzungu, jasho jembamba au kichefuchefu, ni nikotini: aweke chini, anywe maji, asiendelee kuonyesha ujasiri. Kuvuta tumbo tupu ndio mlango wa hali hiyo.

---

Kinu na Mchi ameandika:

Na shikamoo yangu mama aipokee 😅

Swali: nimefuata kila kitu, nimewasha vizuri, ladha mnazosema sizipati. Napata "moshi". Ninyi mnapata zabibu kavu wapi?

---

Pafu Polepole ameandika:

Ndugu, wengi wanaanzia hapo na wengine wanadanganya kupita hapo. Usitafute zabibu. Anza na maswali makubwa: tamu au chungu? Kavu mdomoni au inaleta mate? Inauma ncha ya ulimi au nyuma ya koo? Ukishajibu hayo, ndipo uulize utamu huo ni wa aina gani, wa asali au wa sukari iliyoungua.

Kisha pua. Ulimi unatambua mambo machache, harufu ndiyo inayobeba yaliyobaki. Vuta moshi kidogo mdomoni, usimeze, usiingize mapafuni. Toa mwingi kwa mdomo, na ule mdogo uliobaki usukume taratibu utokee puani. Mara ya kwanza itachoma, kwa hiyo iwe mara moja kwa kila sehemu ya biri. Hapo ndipo mwerezi na pilipili nyeupe vinapojitenga, na moshi wa lansero kwa kuwa ni mchache unavumilika puani kuliko wa yale mabomba ya Mnene.

Mwendo wake kwa kawaida: theluthi ya kwanza moshi umesafiri njia ndefu ndani ya tumbaku, umepoa na kuchujwa, kwa hiyo ni mwepesi, nyasi na mwerezi na utamu kwa mbali. Watu wanasema "haina kitu" na kuongeza kasi, wanaharibu yote yaliyobaki. Katikati ndiko kulikojaa: kahawa, karanga za kukaanga, ngozi, na kwa zile za Kuba kuna kitu kama asali chenye majani mabichi nyuma yake. Mwisho nguvu inapanda, kwa sababu mafuta na nikotini vilivyokuwa vikijikusanya njiani sasa vinaungua, na moto uko karibu na ulimi. Punguza tena kasi. Ukiona joto kwenye vidole na ladha ni ya chuma, acha. Kuvuta mpaka kidole kiungue si heshima kwa biri.

Maji ya kunywa pembeni yanatosha. Pombe kali inaua theluthi ya kwanza kabisa.

---

Jani la Kamerun ameandika:

Ulisema tuseme jani la nje. Langu lipo kwenye jina. Jani la Kamerun ni jembamba, lina vinundu vidogo vya mafuta ukipitisha kidole, na utamu wake ni wa viungo, si wa sukari. Kwenye nene linapotea, kwenye namba 38 linatawala. Nimejaribu pia Habano (tumbaku ya mbegu ya Kuba) iliyolimwa Ekuador, ambako mawingu yenyewe ndiyo kivuli: pilipili zaidi, mafuta zaidi. *Broadleaf* ya Connecticut, ile nyeusi nene, kwenye lansero naiona inachelewa kuungua na majani ya ndani yanaitangulia. Mwingine anaweza kuwa na bahati tofauti.

Shida yangu ni kuziba. Katika kila sanduku lazima zipo zinazogoma.

---

Pafu Polepole ameandika:

Kuziba ni ugonjwa wa ukoo huu. Jani moja lililokunjwa vibaya ndani ya namba 56 hulioni, ndani ya 38 limefunga barabara. Kwanza angalia unyevu. Watu wanatunza kila kitu kwenye asilimia 70 kwa mazoea, majani yanavimba na nafasi ya hewa inakwisha. Kwa nyembamba shuka hadi 62–65, joto nyuzi 18 hadi 20, uziache wiki kadhaa zitulie. Nyingi zinafunguka zenyewe. Joto likipanda sana mayai ya mdudu wa tumbaku yanaanguliwa, utakuta vitundu kama vya sindano.

Ikigoma baada ya hapo, ipapase kwa vidole kutoka kichwani. Ukikuta fundo gumu, lisugue taratibu likizunguka. Kuna sindano ndefu za kuzibulia. Zinasaidia, ila sindano ikichomoza ubavuni umetoboa jani la nje na biri imekwisha.

---

Mnene56 ameandika:

Ikizimika njiani je? Maana kwa mwendo wako huo wa konokono itazimika tu.

---

Pafu Polepole ameandika:

Gonga jivu lote, weka moto karibu na mguu na upulize kutoka ndani kwenda nje mara moja, moshi uliolala utoke. Kisha washa kama mwanzo. Ndani ya dakika chache hutaona tofauti. Ikishakaa imezimika zaidi ya saa moja, mie siiwashi tena.

---

Mnene56 ameandika:

Sawa. Kwenye hesabu umenipata, kwenye mambo ya pua nitajaribu. Jani la Kamerun, nitumie jina la kiwanda chako inbox, nianze na hiyo.